Joseph Wright: Mtoto wa Kiwandani Aliyeyaokoa Maneno ya Wanyonge

Wasomaji wetu, ni desturi ya ukurasa huu kuwaleteeni maisha ya watu waliokwisha kufa lakini majina yao yakabaki. Leo tumemchagua mtu ambaye hakuongoza jeshi, hakutawala nchi, wala hakuvumbua silaha. Jina lake ni Joseph Wright, Mwingereza wa jimbo la Yorkshire. Kazi iliyompa sifa ni kamusi ya majuzuu sita, ambamo aliyakusanya maneno ya Kiingereza yasiyofundishwa shuleni wala kuandikwa katika vitabu vya mabwana: maneno ya wakulima, wavuvi, wachimba makaa ya mawe na wafumaji, mengi katika hayo yakiwa yamekaribia kutoweka. Linalostaajabisha ni kwamba mtu huyu, hadi alipofikia umri wa miaka 15, hakuweza kusoma gazeti.

Tumeona kwamba habari zake zitawafaa hasa ndugu zetu walio katika jeshi na polisi, na sababu tunazo mbili. Ya kwanza ni kwamba habari za vita ndizo zilizomfungulia mlango wa elimu. Ya pili ni kwamba askari, popote apelekwapo, hukutana na watu wanaosema kwa namna ya kwao. Akiudharau usemi wao, au akijidai kuuelewa na hali hauelewi, huenda akamdhulumu mtu bila ya kukusudia.

UTOTO WA TAABU

Joseph Wright alizaliwa tarehe 31 Oktoba, 1855, katika kijiji cha Thackley, karibu na mji wa Bradford, kaskazini ya Uingereza. Nchi ile wakati huo ilikuwa nchi ya sufu na moshi wa viwanda. Baba yake, Dufton Wright, alikuwa mfumaji na mchimba mawe, lakini hakuwa mtu wa kutegemewa, na mzigo wa kuwalisha watoto ulimwangukia mama, Sarah Ann. Basi Joseph alianza kazi akiwa na umri wa miaka sita tu. Kazi yake ilikuwa kuongoza punda aliyekokota gari la vyombo vya wachimba mawe, kuvipeleka kwa mhunzi vikanolewe, kisha kuvirudisha machimboni.

Baadaye aliingia katika kiwanda kikubwa cha Sir Titus Salt, mahali paitwapo Saltaire. Huko alikuwa akiziondoa katika mashine bobini zilizojaa uzi, na kuweka tupu mahali pake. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto, kwa kuwa vidole vyao ni vidogo na vyepesi. Sheria ya siku zile ilimruhusu mtoto afanye kazi nusu ya siku na kwenda shule nusu ya siku, na kiwanda kilikuwa na shule yake. Joseph alizijua herufi na tarakimu, lakini kusoma kwa kuelewa hakukujua.

Yafaa tulitazame jina la kazi yake hiyo. Mtoto wa kuondoa bobini aliitwa doffer, na kitenzi chake ni doff. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa, do na off, na maana yake ya asili ni kuvua, kama mtu avuavyo kofia au koti. Mwenziwe ni don, yaani do na on, kuvaa. Samuel Johnson, mtungaji mashuhuri wa kamusi, alikwisha kuandika mwaka 1755 kwamba doff ni neno lililokufa, lisilotumiwa ila na watu wa shamba. Lakini miaka zaidi ya 100 baadaye neno hilo hilo lilikuwa likitamkwa kila saa katika viwanda vya Yorkshire, na watoto wasiojua kusoma. Neno lililozikwa na wanachuoni lilikuwa hai vinywani mwa wafanyakazi, na mmoja wa wafanyakazi hao ndiye atakayekuja kuwaonyesha wanachuoni jambo hilo.

VITA VYAMFUNZA KUSOMA

Mwezi wa Julai, 1870, vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Mwezi wa Septemba mwaka huo jeshi la Ufaransa lilishindwa vibaya huko Sedan, na Napoleon wa Tatu mwenyewe akatekwa. Uingereza haikuwamo vitani, lakini watu wake walizifuata habari hizo kwa hamu kubwa. Kiwandani alikokuwa Joseph, ambaye sasa alikuwa mchambuzi wa sufu, mfanyakazi mmoja aliyejua kusoma alikuwa akiwasomea wenziwe gazeti kwa sauti.

Joseph alichoka kungojea kinywa cha mtu mwingine. Alitaka kuzijua habari za vita kwa macho yake mwenyewe, saa aitakayo. Alijifunza kusoma na kuandika kwa msaada wa vitabu viwili: Biblia, na kile kitabu cha John Bunyan kinachojulikana kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Alipokwisha kukiweza Kiingereza hakutua. Aliingia katika masomo ya jioni, baada ya kazi ya mchana kutwa, akajifunza Kifaransa, Kijerumani, Kilatini, hisabati na hati mkato. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alifungua darasa lake mwenyewe la usiku, akawafundisha wafanyakazi wenziwe kwa ada ya peni mbili kwa juma.

Twawaomba wasomaji waliangalie hilo vizuri. Miaka mitatu baada ya kuijua alifu yake, mtu huyu alikuwa mwalimu. Hakungoja awe mtaalamu ndipo awagawie wengine kile alichokipata.

MWENDO WA KILOMITA 400

Mchambuzi wa sufu alikuwa akipata pauni moja kwa juma. Ilipofika mwaka 1876, Joseph alikuwa amejiwekea pauni 40, yaani mshahara wa majuma 40. Kwa fedha hizo aliazimia kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Alivuka bahari hadi Antwerp, Ubelgiji, na ili asizipoteze fedha zake kwa nauli, kutoka hapo alikwenda kwa miguu mpaka Heidelberg, mwendo unaozidi kilomita 400. Askari anayejua kilomita 30 kwa siku ni nini, mzigo ukiwa mgongoni, atafahamu bila ya kuelezwa kwamba safari hiyo si ya siku chache.

Fedha zilimtosha muhula mmoja. Alirudi Yorkshire, akawa mwalimu wa shule, na huku akiendelea kusoma katika chuo cha sayansi cha Leeds. Mwaka 1882 alikwenda tena Heidelberg, na mwaka 1885 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya mabadiliko ya sauti katika lugha ya Kiyunani cha kale.

Huko Ujerumani alikutana na fundisho lililokuwa jipya katika elimu ya lugha. Wataalamu wa huko, akiwemo mwalimu wake Hermann Osthoff, walishikilia kwamba sauti za lugha hazibadiliki ovyo ovyo. Hubadilika kwa kanuni, na kanuni hizo huweza kuchunguzwa kama ichunguzwavyo mwendo wa nyota. Kwa Joseph Wright fundisho hilo lilikuwa na maana kubwa kupita vitabu. Ikiwa lugha zote hufuata kanuni, basi hata usemi wa mama yake na wa watoto wa kiwandani, uliokuwa ukichekwa na watu wa mjini, ulikuwa na kanuni zake.

Mwaka 1888 Profesa Max Müller alimpa kazi katika mji wa Oxford. Kwanza alifundisha wanawake, ambao wakati huo walisoma Oxford bila ya kupewa shahada. Mwaka 1892 alitoa kitabu cha sarufi ya usemi wa Windhill, kijiji alichokulia, akaupanga usemi huo kwa taratibu ile ile iliyotumiwa kwa Kilatini na Kiyunani. Mwaka 1901 alichukua nafasi ya Müller, akawa Profesa wa elimu ya kulinganisha lugha. Yule mwongoza punda sasa alikaa kiti kikubwa katika chuo kikongwe kabisa cha nchi yake.

TANI MOJA YA KARATASI

Mwaka 1873 wasomi wa Kiingereza, wakiongozwa na Profesa Walter Skeat, walikuwa wameunda chama cha kukusanya maneno ya lahaja. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Reli ilikuwa imewachanganya watu wa majimbo yote. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa inapeleka shule katika kila kijiji, na shuleni mtoto alifundishwa Kiingereza cha aina moja tu. Wazee waliokuwa na maneno ya kale walikuwa wakifa, na wajukuu wakiona haya kuyarithi.

Chama kilihitaji mtu wa kuigeuza mikusanyo hiyo kuwa kamusi moja, naye Skeat akamwelekea Joseph Wright. Vikaratasi alivyopokea, kila kimoja kikiwa na neno na maelezo yake, vilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Hata hivyo aliona havitoshi. Aliwaandikia watu kote nchini, wachungaji wa makanisa, walimu, waganga na wakulima, na mamia ya watu wakajitolea kumsaidia. Kamati iliyoundwa Yorkshire kwa kazi hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1897, chama cha lahaja cha jimbo hilo.

Fedha zilikuwa shida kubwa. Ilikuwa vigumu kumpata mchapaji wa kujitia katika hasara ya majuzuu sita ya maneno ya watu wa shamba. Wright alijitwika sehemu ya gharama mwenyewe, na kuwatafuta wanunuzi walioahidi kulipa kabla ya kazi kwisha. Lau kazi ingekatika njiani, mtu aliyeanza maisha bila ya kitu angerudi pale pale.

Mwaka 1896 alimwoa Elizabeth Mary Lea, aliyekuwa mwanafunzi wake, na bibi huyo akawa mshirika wake katika kazi. Mungu aliwajalia watoto wawili, na wote wawili wakafa wangali wadogo. Pamoja na msiba huo walishikilia kazi zao. Bibi Elizabeth naye alitoa mwaka 1913 kitabu chake juu ya usemi na mila za watu wa mashamba.

Majuzuu sita ya kamusi yalitoka kati ya mwaka 1898 na 1905. Ndani yake mna maneno karibu 70,000, yale yaliyokuwa yangali yakisemwa na yale yaliyojulikana kuwa yalisemwa katika miaka 200 iliyotangulia.

USHAHIDI KWANZA

Kanuni ya Wright ilikuwa kali. Neno halikuingia katika kamusi kwa kuwa mtu fulani alidai kulisikia. Lilitakiwa liwe na ushahidi: lilisemwa katika jimbo gani, kwa maana gani, na limeandikwa na nani au kuthibitishwa na nani. Kama neno moja lilikuwa na maana mbalimbali katika majimbo mbalimbali, kila maana iliwekwa peke yake pamoja na jimbo lake. Ndugu zetu wa polisi watalitambua jambo hili upesi, kwani ndiyo kanuni ya kituoni: nani alisema, wapi, na alikusudia nini.

Tuchukue mfano wa neno starve. Katika Kiingereza cha shuleni maana yake ni kuteseka au kufa kwa njaa. Lakini kaskazini ya Uingereza mtu aliyesema kwamba yu starved alikuwa akilalamika baridi. Asili ya neno ni kufa tu, kwa sababu yoyote. Na Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, hata leo husema sterben kwa maana ya kufa. Kusini neno lilielekea upande wa njaa, kaskazini likaelekea upande wa baridi. Hebu tumfikirie askari polisi mgeni, aliyetoka London na kupelekwa kaskazini, naye anaandika maelezo ya mzee mmoja. Mzee asema yu starved. Askari aandika kwamba mzee amenyimwa chakula, na pengine anayemtunza akashtakiwa, kumbe mzee alitaka blanketi. Kila mmoja amesema kweli kwa lugha yake, na asiye na hatia ameingia mashakani.

MANENO NA ASILI ZAKE

Mengi ya maneno ya kaskazini yana historia ya kivita. Mwaka 866 majeshi ya Waviking, watu waliotoka nchi za Denmark na Norway kwa merikebu, yaliuteka mji wa York. Wengi wao hawakurudi kwao. Waliishika nchi, wakalima, wakaoana na wenyeji. Miaka zaidi ya 1,000 imepita, nao wamekwisha kuyeyuka ndani ya Waingereza, lakini maneno yao yalibaki. Kijito cha maji huko huitwa beck, na Wadenmark hadi leo husema bæk. Kuhama nyumba ni flit, na Waswidi husema flytta. Mtoto huitwa bairn, neno ambalo lilikuwa katika Kiingereza cha kale na katika lugha ya Waviking pia, na ambalo huko Skandinavia lingali hai kwa sura ya barn.

Kucheza huitwa laik, na Waswidi husema leka. Neno hili lina jambo la kuhuzunisha ndani yake. Katika viwanda vya Yorkshire mfanyakazi aliyekosa kazi alisemwa kwamba ana-laik, yaani anacheza, na hali nyumbani hamna mkate. Wright aliyekulia kiwandani alizijua maana zote mbili bila ya kufundishwa na kitabu.

Mengine ni ya Kiingereza cha kale kabisa, yaliyosahauliwa na watu wa mijini. Thole ni kuvumilia mateso. Nesh ni mtu laini, asiyestahimili baridi. Watoto waliosema ax mahali pa ask, kwa maana ya kuuliza, walihesabiwa kuwa wanaharibu lugha, kumbe sura zote mbili zinaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya miaka zaidi ya 1,000 iliyopita. Moja ilipata bahati ya kupendwa na wachapaji na walimu. Nyingine ikabaki kwa wanyonge.

Hapo ndipo palipo kiini cha kazi ya Joseph Wright. Alithibitisha kwamba Kiingereza cha shuleni ni lahaja moja kati ya lahaja nyingi, iliyopata cheo kwa sababu ilisemwa karibu na kiti cha mfalme na mahali ambapo William Caxton alisimamisha mtambo wa kuchapia vitabu mwaka 1476. Cheo hicho kina faida yake, maana taifa huhitaji lugha moja ya kuandikia sheria na amri, na Wright mwenyewe aliijua na kuifundisha lugha hiyo. Lakini cheo cha lahaja moja hakizifanyi nyingine kuwa uchafu. Jambo hili si geni kwa wasemaji wa Kiswahili, ambao Kiswahili chao sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na huku Kimvita na Kiamu zikiendelea kuhifadhi maneno mazito ya washairi wa kale.

MWISHO WAKE

Wright aliendelea kuwa profesa hadi mwaka 1925. Nyumba yake ya Oxford aliipa jina la Thackley, kijiji alichozaliwa, wala hakuionea haya asili yake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa J. R. R. Tolkien, aliyekuja kupigana katika mapigano ya Somme mwaka 1916 akiwa ofisa wa mawasiliano, na baadaye kuwa profesa na mtunzi wa riwaya aliyejulikana duniani kote.

Joseph Wright alifariki Oxford tarehe 27 Februari, 1930, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 74. Yasimuliwa kwamba neno la mwisho lililomtoka kinywani lilikuwa kamusi.

Kazi yake haikufa naye. Kati ya mwaka 1950 na 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walizunguka Uingereza, wakawahoji wazee wa mashamba katika vijiji na miji 313. Na katika karne hii wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, wameitia kamusi nzima katika kompyuta. Maneno mengi yaliyomo hayasemwi tena na mtu yeyote. Lau yasingeandikwa wakati ule, leo yasingepatikana hata kwa dhahabu.

Ndugu askari, tungependa mbaki na mambo mawili. Aliye kambini au kituoni na akaona umri umempita wa kushika kitabu, na amkumbuke kijana wa kiwandani aliyeanza kwa sababu alitaka kusoma habari za vita. Na utakapopelekwa mahali pageni, ukakutana na bibi kizee ambaye maneno yake yanakuchekesha, zuia kicheko chako na umwulize kwa adabu yana maana gani. Huenda neno hilo limeishi miaka mingi kuliko serikali zote zilizopita hapo, na huenda haki ya mtu imelala ndani yake.